Laptopu ya kazi nzito iliyolemewa: ni bodi au ni chaja?

Swali: Mimi ni mpima ramani hapa Kisumu. Kazi yangu kubwa ni kupiga picha za mashamba ya miwa kwa droni, upande wa Muhoroni na Chemelil, kisha kuziunganisha ziwe ramani moja kwa programu ya Agisoft Metashape. Nilinunua Dell Precision 7540 iliyotumika: prosesa i7-9850H, RAM ya GB 32, kadi ya grafiki ya Quadro T2000. Mwaka wa kwanza haikunisumbua ila kwa joto. Ikipewa kazi hufika nyuzi 97 na feni hulia. Miezi miwili iliyopita stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, chaja ikaungua. Nikapata nyingine mjini ya bei rahisi. Tangu hapo, kazi ya picha 400 niliyokuwa naimaliza kabla ya chakula cha mchana sasa inakesha. Hata kufungua faili ni kungoja. Ikiwaka huleta maandishi fulani kuhusu chaja, nami nabonyeza niendelee. Fundi wa kwanza aliweka Windows upya, haikusaidia. Wa pili anasema bodi, yaani ule ubao mkuu wa ndani, imekufa nusu na anataka pesa za kuibadilisha. Niibadilishe, au niiuze nitafute laptopu ya gemu?

Jibu: Dada, usitoe hata shilingi ya bodi kwa sasa. Jibu lako limo ndani ya swali lenyewe, pale uliposema unabonyeza uendelee. Maandishi hayo, kwa mashine za Dell za aina yako, husema kwamba aina ya chaja na wati zake hazikutambuliwa, kwamba betri huenda isijae, na kwamba kompyuta itapunguza kasi ilingane na umeme inaoupata. Wewe unabonyeza, Windows inaingia, unadhani yameisha. Hayajaisha. Tangu dakika hiyo laptopu imeamua kujibana, na itaendelea kujibana maadamu chaja hiyo imechomekwa.

Laptopu za namna hii, zile wauzaji wanaziita wokistesheni, zina tabia moja ambayo mafundi wengi wa simu na laptopu ndogo hawajaizoea. Zinajilinda. Zikikosa umeme wa kutosha zinapunguza mwendo. Zikipata joto kupita kiasi zinapunguza mwendo. Kwa mwenye mashine hali zote mbili zinafanana: imekuwa nzito. Lakini dawa zake hazifanani hata kidogo, na ndiyo maana watu wananunua bodi huku wakihitaji chaja, au wananunua chaja huku wakihitaji kusafisha feni. Kabla ya kununua chochote soma namba mbili, kasi ya prosesa na joto lake, uzisome kwa wakati mmoja mashine ikiwa kazini.

Prosesa yako ina kora 6, yaani vichwa sita vya kufanya hesabu kwa pamoja. Kasi yake ya msingi ni 2.6 GHz, na ikiwa na umeme na hewa ya kutosha inaweza kupanda hadi 4.6 GHz kwa vipindi vifupi. Hizo ndizo namba za kwenye tangazo. Namba ambayo haitangazwi ni 0.8 GHz: hapo ndipo prosesa hushushwa inapoambiwa na bodi kwamba umeme haueleweki. Hesabu mwenyewe. Kazi iliyokuwa ikienda kwa zaidi ya 3 GHz, sasa inakwenda kwa 0.8. Kilichokuwa saa moja kinakuwa nne, na cha asubuhi moja kinakesha, kama ulivyosema. Amri hiyo inatoka chini ya Windows, kwenye bodi yenyewe, kwa hiyo fundi wa kwanza angeweka Windows mara ngapi asingeona tofauti.

Jioni ya leo fanya hivi. Chomeka chaja, washa mashine, ipe Metashape kazi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Nenda Performance, kisha CPU, utazame pale palipoandikwa Speed. Ukikuta 0.78 au 0.79 imeganda, feni zimenyamaza, na ukiweka kiganja juu ya kibodi husikii joto lolote, hiyo si bodi iliyokufa nusu. Bodi mbovu huzima mashine, hukataa kuwaka, au huleta makosa yasiyo na mpangilio. Ni nadra ikae siku nzima kwa utulivu huo. Sasa chomoa chaja huku macho yako kwenye namba. Mara nyingi itaruka ipite 2 ndani ya sekunde chache. Laptopu inayokimbia kwa betri na kujikokota kwa chaja imekwisha kusema tatizo liko wapi.

Ila kuna mtego hapo. Chaja isiyotambuliwa kwa kawaida haijazi betri, kwa hiyo huenda betri yako imebaki sifuri na ukichomoa tu mashine inazima. Ikiwa hivyo, azima chaja nzuri kwa mtu mwenye Precision kama hiyo uirudie hatua ile. Hata kama hujui mwenye laptopu hiyo, ofisi za wasanifu majengo na wahandisi pale mjini hazikosi moja.

Tuangalie sasa hiyo chaja yenyewe. Shika ncha yake chini ya taa. Ni ya mviringo, na katikati utaona pini nyembamba kama sindano. Umeme wa kuendesha laptopu unapita kwenye kuta za ile ncha, nje na ndani. Pini haina kazi ya umeme. Kazi yake ni kupeleka habari. Ndani ya chaja halali mna kijichipi kinachosema: mimi ni chaja ya wati kadhaa. Laptopu inauliza kwa njia ya ile pini, kijichipi kinajibu, ndipo mashine inaachilia nguvu zake. Pini ikipinda, au waya wake mwembamba ukikatika pale shingoni ambapo watu huzungushia waya wakifunga begi, au kama mtengenezaji aliona kijichipi ni gharama asikiweke kabisa, laptopu inauliza na haijibiwi. Umeme inaupata, taa inawaka, kila kitu kinaonekana sawa. Lakini haijui kama chaja hiyo inaweza kubeba wati 180 au 65, na kwa kutojua inachagua usalama.

Kisha geuza chaja usome kibandiko. Tafuta mstari wa Output. Mashine yako yenye T2000 inataka chaja ya wati 180: volti 19.5, ampea 9.23. Zidisha hizo mbili utapata 180. Ukikuta ampea 4.62 hiyo ni wati 90, ukikuta 3.34 ni 65. Hizo ni chaja za laptopu za kawaida za ofisini, na tatizo ni kwamba ncha yake ni ile ile, inaingia bila kusukumwa. Muuzaji akikuambia "hii ni ya Dell, itaingia," hajakudanganya, ila hajajibu swali uliloulizia. Wala usiridhike na kibandiko peke yake. Chaja ya kweli ya wati 180 ni tofali. Ukiipokea mkononi unausikia uzito. Ile inayosema 180 huku ni nyepesi na ndogo kama ya laptopu ya mwanafunzi, mrudishie mwenyewe.

Ushahidi wa mwisho uko ndani ya mashine. Zima, washa, na nembo ya Dell ikitokea gonga F2 mfululizo hadi uingie kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio ya mashine iliyo chini ya Windows. Katika taarifa za betri kuna mahali panapoonyesha chaja iliyochomekwa na wati zake. Ikisoma 180, chaja inazungumza. Ikisema haijulikani, basi umeshajua. Mimi ningenunua chaja dukani kwa sharti hilo moja: naja na laptopu yangu, nachomeka hapa hapa kaunta, naingia F2, nikiona wati ndipo nitoe pesa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Ya wati 240 yenye ncha hiyo hiyo pia inafaa, kwa sababu laptopu huvuta inachohitaji tu. Chaja kubwa haiilazimishi. Ndogo ndiyo shida. Hata ya 130, ijapokuwa itatambuliwa, itakupa onyo na kukupunguzia kasi mzigo ukipanda.

Nawaambia na wasomaji wenye HP ZBook au ThinkPad za familia ya P: zenu nazo huihoji chaja kabla ya kuiamini, kila moja kwa njia yake, kwa hiyo msidhani haya ni ya Dell peke yake.

Tuseme umeazima chaja nzuri kabisa, inayotambuliwa kwenye mashine nyingine, na yako bado inaikataa. Hapo ugonjwa umehamia kwenye tundu. Mulika ndani kwa tochi ya simu. Tafuta uchafu, kutu, au kitobo cha katikati kilichopanuka. Tikisa ncha taratibu ikiwa ndani. Ikicheza sana au ujumbe ukija na kuondoka, tundu limechoka. Katika laptopu nyingi za daraja hili tundu ni kipande chake chenye waya, kinafunguliwa kwa skrubu na kuchomekwa kwenye bodi bila kuchomelea risasi. Ni kazi ndogo na kipuri cha bei ndogo. Baada ya chaja nzuri na tundu jipya, kama mashine bado haisomi wati, ndipo tuzungumze habari ya bodi, kwani kishindo kilichoua chaja kinaweza kuwa kilipita hadi kwenye saketi inayoisoma ile pini. Inawezekana, lakini kabla ya hapo kuna milango miwili ya kupita, na fundi wako hajafungua hata mmoja.

Kuna ushauri mmoja utakaoupata kwa marafiki, na ningependa uusikie kwangu kwanza. Kuna programu ndogo iitwayo ThrottleStop ambayo inaweza kuiamuru prosesa ipuuze ile amri ya kujibana. Utaweka alama kwenye kisanduku, namba itaruka hadi 3.5, na utadhani umepona. Lakini betri bado haitajaa. Na kama chaja yako kweli ni ya wati 65 au 90, umeilazimisha ibebe mzigo ambao haikutengenezewa: itazimika mara kwa mara, au itachemka hadi plastiki itoe harufu. Usiku, umelala, Metashape inaendelea, chaja iko juu ya zulia. Sikubaliani na hilo. Kama umekwama na kazi ya mteja ni ya kesho, tumia chaja ya kuazima.

Sasa joto. Hili ni jambo lingine kabisa, na lilikuwapo kabla chaja haijaungua, kwa hiyo usitarajie chaja mpya ilimalize. Kwa kweli, chaja nzuri ikirudi joto nalo litarudi, maana mashine itaanza tena kufanya kazi.

Nyuzi 97 zinatisha watu kuliko zinavyostahili. Kikomo cha prosesa hiyo ni nyuzi 100. Ikifika hapo inapunguza kasi yenyewe ili isiungue. Watengenezaji wamezipangia laptopu hizi zikaribie kikomo hicho chini ya mzigo mzito. Kwa hiyo joto peke yake halisemi kitu. Pakua HWiNFO, ni ya bure, ufungue dirisha la vihisio, halafu soma joto na kasi pamoja kazi ikiwa imeendelea kwa nusu saa. Nyuzi 95 huku kora zote zikienda kwa 3.2 GHz au zaidi: ni moto, lakini unapata ulicholipia. Nyuzi 97 huku kasi imeshuka chini ya 2.6: hiyo haipumui. Hata HWiNFO yenyewe ina mstari unaosema Ndiyo au Hapana kama prosesa inabanwa na joto.

Mashine iliyotumika na mtu mwingine kwanza, ikaja ikapandishwa gari la Muhoroni kila wiki, sitashangaa ikiwa haipumui. Vumbi la barabara za miwa ni laini, linapita kila kitundu. Ongeza vile vijidudu vya ziwani vinavyofuata taa usiku. Ukifanya kazi dirisha likiwa wazi pale Dunga au Milimani, feni inavuta chochote kilicho karibu. Ukifungua kifuniko cha chini utaona feni mbili, na juu juu zitaonekana safi. Uchafu wenyewe umejificha mahali ambapo huoni bila kuitoa feni: kati ya feni na yale mapezi membamba ya shaba au aluminiamu ambako hewa moto hutokea. Hapo vumbi na nyuzi za nguo hushikana zikawa utando mzito, na ukiushika pembeni kwa kibanio unatoka mzima mzima. Huo ndio unaoizuia hewa.

Kwa hiyo anayesafisha kwa kupuliza kutoka nje amesukuma utando huo ndani zaidi, basi. Blowa za gereji na pampu za magurudumu zina nguvu kupita kiasi, na mara nyingi hewa yake imebeba maji na mafuta. Kama ni lazima kupuliza, izuie feni isizunguke kwa kijiti cha meno, kwa sababu ikizungushwa kasi isiyo yake inaharibu bushi, na utasikia mkwaruzo tangu siku hiyo. Njia nzuri ni kuzima mashine, kuchomoa waya wa betri kwenye bodi, kufungua feni, na kupiga mswaki mkavu laini kwenye mapezi.

Ukishafika huko, badilisha na ile pesti ya joto iliyo kati ya prosesa na kipozaji cha shaba. Pesti ya miaka mitano au sita hukauka ikawa unga wa kijivu. Fuata namba zilizochapwa kando ya skrubu za kipozaji: unalegeza kidogo kidogo kwa kuzunguka, unakaza kwa mfuatano wa namba. Mtu akikaza moja hadi mwisho kabla hajagusa nyingine, kipozaji kinainama upande, na utakuta kora mbili zina nyuzi 98 na nyingine 84. Nimeona mashine za "kusafishwa" zikirudi zina moto zaidi kwa sababu hiyo tu. Jambo la pili, kwenye memori za kadi ya grafiki na kwenye vipande vinavyogawa umeme mna vibandiko laini vya unene maalumu. Hivyo havibadilishwi kwa pesti. Fundi akivitupa na kupaka pesti, mwanya unabaki wazi, na kadi yako ya Quadro itaanza kukatakata katikati ya kazi. Mwambie hivyo kabla hajachukua bisibisi. Si kumdharau, ni mashine tofauti na zile anazofungua kila siku.

Mpaka hapo utakapopata nafasi ya kuifungua, kuna njia ya kuivusha usiku. Ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, sehemu ya prosesa, na kiwango cha juu kiweke asilimia 99 badala ya 100. Asilimia hiyo moja inazima ule mwendo wa ziada, na prosesa inabaki kwenye 2.6 GHz yake ya msingi. Utapoteza muda fulani, lakini nyuzi zitashuka sana na feni zitatulia, na kazi itafika asubuhi bila kukwama. Inua pia nyuma ya laptopu kwa vitabu viwili. Matundu ya kuvutia hewa yako chini, na juu ya kitanda au mto hayavuti kitu. Kisumu mchana hewa ya chumbani yenyewe ni nyuzi 30, kwa hiyo kazi za kukesha zina faida ya ubaridi. Wenzetu wa Nakuru wana ubaridi huo hata mchana, ijapokuwa mji uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na hewa yake nyepesi inabeba joto kidogo kuliko ya ziwani. Wanapata huku, wanapoteza huku.

Kuhusu Metashape nina neno fupi. Fungua mapendeleo yake, sehemu ya GPU, yaani kadi ya grafiki, uhakikishe Quadro imewekewa alama na ile grafiki ndogo ya Intel haina. Mtu akiweka Windows upya, draiva ya Nvidia, programu inayoiendesha hiyo Quadro, husahaulika, na hapo hatua ya kutengeneza ramani za kina (depth maps, za kupima umbali kutoka kwenye kamera) inafanywa na prosesa peke yake huku kadi ya grafiki imekaa tu. Fundi wako wa kwanza aliweka Windows upya, kwa hiyo usilipite hili. Pili, tazama memori kwenye Task Manager kazi ikiendelea. GB 32 zinatosha picha 400 kwa ubora wa wastani. Ukitaka ubora wa juu kabisa kwa shamba kubwa utaona zinajaa na mashine inaanza kuandika kwenye diski. Precision yako ina nafasi 4 za RAM na inapokea hadi GB 128, na kuongeza ni bei nafuu kuliko kubadilisha laptopu.

Turudi kwenye kisa cha stima, maana chaja ya pili nayo itakwenda njia ya kwanza usipoziba. Soma tena kibandiko: Input, volti 100 hadi 240. Stima yetu ni 240, yaani unaishi juu kabisa ya kipimo chake kila siku. Stima kuwa dhaifu, taa zikififia jioni, haisumbui chaja hiyo. Kinachoiua ni kule kurudi: laini inarudi na mruko, friji na pampu za mtaa mzima zikivuta kwa pamoja. Nunua kile kikingio watu wanachokiita gadi ya friji, kinachokata volti zikizidi na kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha. Kwa laptopu hakuna hasara ya kusubiri, betri inaibeba. Hapo ndipo utaona kwamba UPS kubwa, lile sanduku la betri ya akiba, huihitaji; ukiwa na betri nzima, UPS unayo ndani. Ila radi haizuiliwi na gadi. Bonde la Ziwa Viktoria ni kati ya sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi zaidi, nawe unajua mawingu yanavyojikusanya jioni. Ukiisikia inakaribia, chomoa chaja ukutani, na waya wa intaneti pia kama unao. Kubonyeza swichi ya ukutani hakutoshi.

Na shambani? Wapima ramani wengi huchomeka inverta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, kwenye tundu la sigara la gari. Piga hesabu: wati 180 kwa volti 12 ni ampea 15, na inverta yenyewe inakula zake, kwa hiyo unavuta kama 17. Fyuzi ya tundu hilo kwa magari mengi ni ya ampea 10 hadi 20. Huenda ikakatika ukiwa Chemelil, na pamoja nayo redio na chaja ya simu. Tena zile inverta za bei rahisi hutoa umeme wenye mawimbi ya ngazi ngazi. Chaja inapiga mlio na kuchemka. Kama huna budi, tafuta inverta ya mawimbi laini, ifungwe moja kwa moja kwenye betri ya gari, injini ikiwa inazunguka. Lakini kwa nini uchakate shambani? Pale nakili kadi ya droni, hakikisha picha zote zimo na hazina ukungu, funga laptopu. Ukiichaji ikiwa imezimwa inavuta umeme kidogo kuliko ikiwa kazini. Kazi nzito isubiri mjini.

Betri yako, ikiwa ni miezi miwili haijajaa vizuri, ikague. Fungua kidirisha cha amri, andika powercfg /batteryreport, utapata ukurasa unaoonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa leo. Ikiwa imebaki nusu, bado utaishi nayo, maana laptopu hii hukaa kwenye stima muda mwingi. Ila ndani ya BIOS badilisha namna ya kuchaji, uchague ile ya mashine inayokaa kwenye umeme muda mrefu, ili isishikiliwe kwenye asilimia 100 mchana kutwa pamoja na joto lile. Betri za lithiamu huvimba kwa mchanganyiko huo. Dalili ya kwanza utaiona kwenye kiguso, pale unaposogezea mshale kwa kidole: kinakuwa kigumu kubonyeza, au pembe moja imeinuka kidogo, au laptopu ikiwekwa mezani inayumba. Ukiona hivyo zima, itolewe, isitobolewe wala kukandamizwa irudi, na isitupwe jalalani.

Kuuza? Mimi nisingeuza. Prosesa yako ni ya kizazi cha 9, na Windows 11 inakubali kuanzia kizazi cha 8, jambo ambalo wenye mashine za kizazi cha 6 na 7 wanalilia tangu Windows 10 ilipofungiwa masasisho Oktoba 2025. Laptopu ya gemu ya bei utakayopata kwa kuiuza hii ikiwa "mbovu" itakuwa na kadi ya grafiki yenye kasi zaidi, sikatai, na Metashape itaifurahia. Lakini nyingi zina nafasi 2 tu za RAM, na nazo zina chaja zake za tofali, joto lake na vumbi lake. Halafu anayeinunua kwako kwa bei ya bodi iliyokufa atachomeka chaja ya wati 180 na kuiuza kesho yake kwa bei kamili.

Ukishapata chaja na F2 ikasoma wati, chukua zile picha 400 ulizowahi kuzimaliza kabla ya mchana, uziendeshe tena kwa mipangilio ile ile, HWiNFO ikiwa wazi pembeni. Niandikie kasi, joto, na muda uliotumika. Kama bado imezidi muda wa zamani hali kasi iko juu ya 3 GHz, tatizo litakuwa kwenye draiva ya Nvidia au diski inayojaa, na hizo tutazitafuta bila bisibisi.